Mgeni Rasmi wa Mnara

Enyi mnaoishi na wazazi wenu, na ninyi mliowaachia ndugu zenu kazi hiyo mkajipongeza kwa kupiga simu, sogezeni viti. Kisa hiki si kirefu wala hakina mwizi. Kila aliyemo alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo palipo na shida.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mtengeneza fremu za picha. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mzee wa nyumba alikuwa akisugua kioo cha dirisha la sebuleni kwa gazeti kuukuu lililoloweshwa, kama alivyofanya kila Jumapili tangu alipostaafu ufundi wa vioo. Kitambaa huacha manyoya, alikuwa akisema, gazeti haliachi kitu. Redio ilikuwa inajisemea peke yake, birika la chai liko jikoni linanung'unika, na binti yake alikuwa mezani anakata kucha.

Binti huyo ndiye tutakayemfuata. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, mahali ambapo faili haliendi popote bila saini, na likienda bila saini anayeitwa ni karani. Miaka kumi na minane ya kazi hiyo ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa. Nyumbani walimwita Katibu, kwa sababu ukoo ulipokaa kuzungumza jambo lolote, yeye ndiye aliyeandika. Kaka yake mkubwa, msimamizi wa bohari, walimwita Mwenyekiti. Huyo sina haja ya kumweleza. Yupo mmoja katika kila ukoo, na wa kwenu unamjua.

Mzee akaacha kusugua. "Mwanangu, hebu nikumbushe. Yule daktari wa macho alisemaje juzi?"

"Si ulikuwepo, Baba?"

"Nilikuwepo. Nataka kusikia kwako."

Katibu akaweka kikata kucha chini. "Alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwisha kazi. La kushoto linabanwa kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Matone asubuhi na jioni bila kukosa, na turudi baada ya miezi miwili."

"Na lile la mwisho?"

"Alisema kilichopotea hakirudi. Na kwamba kama kuna kitu unatamani kukiona, ukione sasa."

"Haya. Basi nataka kupanda mnarani."

Mnara huo uko katikati ya mji, na umbo lake limechorwa kwenye vikombe, vitambaa vya shingoni vya watalii, hata kwenye masanduku ya kiberiti. Juu kabisa kuna ukumbi wa mviringo wenye vioo pande zote, ambamo watu husimama wakauona mji mzima. Mzee aliujua ukumbi huo kuliko watu wengi. Ujanani alikaa humo miezi kumi na moja akitia vile vioo, kimoja baada ya kingine. Ila upande wa nje kulikuwa kumetandwa maturubai ya kuzuia upepo, na vioo vyenyewe vilibandikwa karatasi nzito ambayo haikubanduliwa hadi siku ya uzinduzi. Siku ya uzinduzi mafundi hawakualikwa. Kwa hiyo alitia vioo sitini na vinne ambavyo hakuwahi kuchungulia hata kimoja.

Baadaye alioa, akazaa, akafiwa na mke, akasomesha. Kutoka nyumbani hadi mnarani ni pua na mdomo, vituo viwili tu vya basi. Dirisha la jikoni linauonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu. Lakini mnajua wenyewe, anayekaa karibu na kitu ndiye asiyekwenda kukiona. Kesho kipo.

Katibu alifurahi sana kusikia baba yake ameomba kitu, maana mzee hakuwa mtu wa kuomba. Akaichukua simu akaandika kwenye kundi la familia: *Baba anataka kupanda mnara.* Kosa lilianzia hapo, na alilifanya kwa mapenzi. Ufunguo wa mlango ulikuwa umelala pale pale mezani, kando ya simu.

Mwenyekiti alijibu kabla chai haijamiminwa. "Jambo hili ni zito. Baba hawezi kupanda kama mpita njia. Tuitishe kikao."

*

Kikao kilikaa Jumapili iliyofuata. Mwenyekiti alikuja na mkewe, ambaye kwa Katibu ni wifi, mwanamke mchangamfu asiyeweza kuona watu watatu wamekaa pamoja bila kuwafikiria sare. Kitindamimba, dada yao muuguzi aliyekuwa ng'ambo, alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mzee aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akisikiliza jinsi anavyopangiwa.

Katibu aliandika ajenda. Kufungua kikao. Tarehe. Sare. Mpiga picha. Hotuba fupi ya mgeni rasmi. Mengineyo.

"Mimi nilitaka kupanda tu," mzee akasema walipofika kwenye hotuba.

"Baba, wewe ndiye mgeni rasmi," Mwenyekiti akamwambia. "Mgeni rasmi hapangi, anapangiwa."

Wote wakacheka, hata mzee. Kutoka kwenye simu Kitindamimba alikuwa akifuta machozi. "Jamani, msiende bila mimi. Naomba likizo, nakuja. Niapieni."

Wakaapa. Wifi akasema rangi iwe samawati kwa sababu ya anga. Mwenyekiti akasema samawati humfanya aonekane mnene. Hapo wakakaa dakika arobaini. Macho ya mzee yalitajwa mwishoni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao, na Katibu akayaandika mahali palipobaki: *Mengineyo: matone ya Baba yafuatiliwe.* Nani ayafuatilie, hakuandika. Huko masjala angemrudishia mtu karatasi kama hiyo.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, ofisi ya Katibu ilifungwa mapema ili mafaili yapuliziwe dawa ya mchwa. Alifika nyumbani saa sita na nusu mchana, akamkuta mzee ameketi karibu na mlango. Amevaa koti. Viatu vimepigwa rangi, kamba zimefungwa.

"Unatoka, Baba?"

"Si ulisema jana leo mnatoka mapema? Nikachungulia nje asubuhi. Anga imesuguliwa, hakuna hata wingu. Twende tukatazame, mimi na wewe. Tunarudi kabla ya saa kumi."

Katibu akatazama saa. Alikuwa na nafasi, alikuwa na nguvu, na njaa haikuwa inamuuma. Hayo aliyakiri mwenyewe baadaye. Lakini akamfikiria dada yake aliyeapiwa, akamfikiria wifi na kitambaa kilichoshaagizwa, na zaidi ya wote akaisikia sauti ya kaka yake ikimuuliza mbele za watu ni nani aliyepitisha.

"Baba, kikao hakijapanga tarehe. Tukienda leo, siku ya siku utapanda kufanya nini?"

"Nitapanda tena. Mnara haukatazi mtu kurudi."

"Kaka atasema nimemruka."

"Tusimwambie," mzee akasema, na akatabasamu kama mtu anayekaribia kuiba embe.

Katibu naye akatabasamu. Akamgusa bega. "Vuta subira kidogo tu, Baba. Itakuwa nzuri zaidi tukiwa wote."

Mzee hakubishana. Aliinama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavipeleka chini ya kitanda. Halafu akauliza kama kuna chai.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua nyumba hii iliharibikia wapi, usiruke mbele. Iliharibikia hapo, mchana kweupe, bila kelele.

*

Tarehe ya kwanza iliahirishwa kwa sababu likizo ya Kitindamimba ilisogezwa. Ya pili iliahirishwa kwa sababu sare zilikuja za kijani, na fundi akaapa kwamba kijani ndiyo aliyoambiwa. Mwenyekiti akakataa kabisa kupigwa picha akiwa kama mchicha. Ya tatu ikaangukia kwenye mvua, mnara ukakaa wiki nzima kichwa chake kikiwa mawinguni. Ya nne, Mwenyekiti alipelekwa safari ya kikazi. Kila mara aliandika kwenye kundi: "Haraka haraka haina baraka." Methali ya kweli kabisa, ila aliyeitunga hakuwa na presha ya macho.

Na sasa lisikilizeni hili. Ofisini kwao Katibu siku za ruhusa zilitolewa kwa kubanwa, na mkuu wake alishamwambia hatapewa mbili kwa mkupuo. Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, Katibu alikuwa na ruhusa moja mkononi. Akaitunza kwa ajili ya mnara. Akapiga simu hospitali, akaomba waisogeze tarehe, wakaisogeza. Ilipofika hiyo ya pili akaisogeza tena, kwa sababu ile ile. Alikuwa anamnyima baba yake macho ili apate siku ya kwenda naye kutazama, na asingeweza kuliona hilo hata ungemwandikia ukutani.

Matone nayo yaliisha. Dukani kwenye kona hayakuwepo. Katibu akasema atapitia duka la karibu na ofisi, akapitia siku ya tisa.

"Usihangaike," mzee alimwambia. "Macho hayaumi."

Na kweli hayakuuma. Huo ndio ubaya wa maradhi hayo.

Dalili zilikuwepo kwa mwenye kutaka kuziona. Mzee alimimina chai kando ya kikombe, akasema birika lina mdomo mbaya. Gazeti la asubuhi likaanza kubaki limekunjwa. Alipomsalimu mtengeneza fremu kwenye ngazi, alimsalimu baada ya yule kusema kwanza. Jumapili moja Katibu aliona kioo cha sebuleni kimesuguliwa upande mmoja tu, upande wa pili una vumbi la wiki nzima. Alisubiri mzee aende kuoga, akachukua gazeti, akamalizia mwenyewe. Hakumwambia mtu. Alijisemea ni uzee, akaona aibu kumfedhehesha baba yake kwa jambo dogo kama kioo.

Ofisini, kila alasiri, kivuli cha mnara kiliingia kwa dirisha la masjala, kikapanda juu ya meza yake, kikavuka mafaili, kikatoka. Alizoea kukitumia kujua kwamba saa za kazi zinakaribia kwisha.

*

Siku ya siku ilifika miezi minane baada ya kikao cha kwanza. Mambo yalikuwa yameiva kweli kweli. Kitindamimba alikuwa ameshuka juzi yake na masanduku mawili. Sare zilikuwa samawati. Mpiga picha alikuwa na kamera mbili shingoni. Walikodi gari kwa vituo viwili vya basi, kwa sababu mgeni rasmi hapandi basi. Mzee alivaa koti lile lile na viatu vile vile. Katibu alimshika mkono wa kushoto, Kitindamimba wa kulia, na jinsi walivyomng'ang'ania kwa furaha hakuhitaji kuona anapokanyaga.

Lifti ilipanda mpaka masikio yakaziba. Milango ikafunguka, na mwanga wa mji mzima ukawaingia usoni, wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Mapaa yalikuwa yamelala hadi mwisho wa macho, barabara zimepita katikati yake, na magari yalikuwa yanakwenda bila sauti. Katibu alisahau kila kitu kwa muda. Alitafuta nyumba yao akaikosa.

Mzee aliachiwa mikono ili apigwe picha. Akanyoosha kiganja mbele, akapiga hatua fupi fupi hadi akagusa kioo. Akakipapasa kutoka chini kwenda juu, akafuata mpira wa pembeni kwa kidole gumba, akafika kwenye kona, akasimama.

"Hiki ni changu," akasema. "Hii kona ilinitoa damu."

Watu wakapiga makofi. Wifi akalia. Mwenyekiti akamshika mabega akamgeuza taratibu kuelekea kamera, akatoa hotuba yake, ambayo ilikuwa fupi kidogo kuliko tulivyoogopa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea nje.

"Haya, mgeni rasmi, tazama kule! Unauona mtaa wetu? Kule, kando ya lile paa jekundu!"

Mzee akainua uso. Akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nauona. Kumbe ni pazuri namna hii. Mungu awabariki wanangu."

Makofi tena. Kamera zikabofya. Katika watu wote wale waliovaa samawati, ni Katibu peke yake aliyekuwa amesimama upande ambao uso wa baba yake ulielekea. Kwa upande huo hapakuwa na mtaa wala paa jekundu. Palikuwa na ukuta wa lifti, umepakwa rangi ya maziwa, na ndoo ya msafishaji.

Alingoja ndugu zake wakimbilie upande wa pili kupiga picha zao. Akamsogelea, akasema chini chini, "Baba. Huoni."

"Nyamaza, mwanangu. Watu wametoka mbali."

"Tangu lini?"

Mzee akafikiri. "Katikati kulibaki tundu dogo. Lilikwisha kipindi kile cha sare za kijani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeahirisha."

Katibu akauegemea ukuta ule ule ambao baba yake alikuwa ameusifu. Alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani.

"Usilie, sare itaharibika," mzee akasema, naye alikuwa anatania kweli. Halafu akaongeza, bila hasira, kama mtu anayekumbuka hali ya hewa: "Ile Jumanne, ulipotoka kazini mapema, niliona mpaka ndege waliotua kwenye waya wa mtaa wa pili. Nilikuwa nimekaa dirishani nikiwahesabu, nakungoja."

*

Jioni ile Mwenyekiti aliandika kwenye kundi: "Ziara imefana. Katibu atuwekee muhtasari kwa kumbukumbu."

Katibu alikaa na daftari lake mezani. Aliandika waliohudhuria, mmoja mmoja. Aliandika saa ya kupanda na saa ya kushuka. Kisha akaandika sentensi moja, akaupiga picha ukurasa, akautuma: *Mgeni rasmi hakuona kitu. Yatokanayo: hakuna.*

Baada ya muda Mwenyekiti akapiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kufungulia kikao. Aliuliza tu, "Baba yuko hapo?" Akaambiwa yuko, anakunywa chai. Akasema, "Usimpe simu," akakata.

Daktari alipompima alisema maneno yale yale ya mwanzo, isipokuwa sehemu ya kuona kitu sasa. Kitindamimba alirudi ng'ambo. Picha zilikuja nzuri sana, zikatiwa fremu na jirani wa chini, na ile kubwa kuliko zote imetundikwa sebuleni, mzee akitabasamu kuelekea mahali pasipoonekana. Wageni huisifu.

Katibu hakuandika tena muhtasari wa mtu. Siku mzee akisema anataka kutoka, hata kama ni hadi kwenye ngazi tu kusikiliza magari, huacha alichoshika. Mzee hamlaumu. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, na sidhani kama litapoa.

FUNZO

Msije mkasema kisa hiki kinapinga mipango. Mipango ni mizuri kwa jambo linalokungoja. Mnara uko pale pale hadi leo, ungewangoja miaka hamsini. Macho ya mzee hayakuwa mnara.

Jueni tofauti ya hayo mawili. Mzazi akiomba jambo dogo, lifanyeni likiwa bado dogo. Mkilikuza mpaka litoshe sare, hotuba na mpiga picha, mtakuwa mmelichukua jambo lake mkalifanya lenu, na yeye atakaa kando avumilie kwa kuwa anawapenda. Tena msijifiche nyuma ya ndugu. Kumheshimu kaka ni wajibu, lakini hakuna kaka aliyewahi kumrudishia mtu siku ya Jumanne.

Na ukiingia nyumbani mchana mmoja ukamkuta mzee wako karibu na mlango, amevaa koti, kamba za viatu zimefungwa, usimuulize nani amepitisha. Chukua ufunguo, mtoke.